Nina aidia ya kipindi cha Halo kitokee hapa hapa Mombasa. Napeleka kwa nani?

kijana_wa_kuze

Salaam wakubwa kwa wadogo. Hii kitu nimekaa nayo kama miaka miwili, maskani nikiieleza wananambia nenda kalale, nimeamua niilete huku kuna watu wa gemu na watu wa filamu labda mtanielewa.

Wanaocheza Halo wajua, wasiocheza niwape kwa ufupi. Ni gemu la vita la mbele huko, miaka ya 2500 na kitu, binadamu wametapakaa kwenye sayari kibao na kuna maadui waitwa Covenant wanawafagia sayari moja baada ya nyengine. Sasa hao Covenant walipoifikia dunia yenyewe hawakushukia Marekani wala Uchina, walishukia Mombasa! Wallahi. Halo 2 ya mwaka 2004 una Mombasa ya kale yenye vichochoro na mchanga, halafu daraja refu, halafu New Mombasa ya maghorofa na katikati yake lifti ya kupandisha mizigo mpaka nje ya anga, ule mnara waenda juu mpaka shingo yauma. Halo 3 ya 2007 ikaingia Tsavo na Voi. Na 2009 wakatoa Halo 3: ODST (ODST ni wanajeshi wanaodondoshwa toka angani), hiyo ndo yangu, karibu yote ni New Mombasa usiku, unatembea pekeyako mji umehamwa na saksafoni yalia kwa mbali. Nilipoona stesheni ya treni imeandikwa Kikowani, mtaa wa hapa hapa Mombasa, nilisimamisha gemu nikamwita mamangu aje aone. Kizingo pia iko, imekuwa bulevadi. Mamangu akatazama tazama, akauliza "na watu wako wapi?" akarudi zake jikoni.

Basi aidia ni hii. Kipindi cha TV, episodi 8 za dakika 45, jina "Mvita 2552". Yaanza tarehe 20 Oktoba 2552 siku mji unapovamiwa. Kikosi cha wanajeshi sita, kamanda wao mzaliwa wa Mji wa Kale, wameachwa nyuma ya adui, na chini ya Fort Jesus wanagundua chombo cha kale ambacho ndo Covenant wanakitafuta. Kila episodi vita kwenye mtaa tofauti.

Maswali yangu: nani wa kupelekewa, niende kwa wakili kwanza wasije wakaniibia, na je, tukishuti trela wenyewe (rafiki yangu ana droni) itasaidia? Nipeni ukweli msinichekee.

wakili_wa_baraza

Sicheki. Lakini ukweli uliuomba wewe basi pokea.

Ukituma barua pepe kwa kampuni kubwa yenye mali kama hiyo ukaandika "nina aidia", hawaifungui. Sio kiburi, ni woga wa kesi. Wakisoma yako leo na miaka mitatu baadae watoe kitu chenye feri na Fort Jesus ndani utasema umeibiwa, kwa hivyo dawa yao ni kutosoma kabisa. Na hilo la kuibiwa liondoe kichwani, aidia haina mwenyewe kisheria, hapa Kenya wala kwao. Kinacholindwa ni kilichoandikwa: skripti, mchoro, rekodi. Halafu wewe skripti yako yenyewe imekaa juu ya kiwanja cha mtu, mji ni wao, Covenant ni wao, bunduki ni zao.

Kuna wakati mlango ulikuwa wazi mahali pamoja nnapopajua. Star Trek, kipindi cha TV cha Marekani cha safari za anga, ile ya miaka ya 80 mwishoni, walipompa Michael Piller kusimamia waandishi alikubali skripti za watu wa nje, wasio na ajenti wala jina. Ronald D. Moore aliingia hivyo, skripti yake ilionyeshwa 1989 na akabaki kuwa mwandishi mkubwa. Lakini tazama vizuri: Moore hakupeleka aidia. Alipeleka episodi moja imekamilika, ya wahusika waliokuwepo tayari. Wewe unataka kuwauzia episodi 8 na hujaandika hata ukurasa, au ushaandika?

Sasa kutengeneza mwenyewe bila kuuza, hiyo ni hadithi nyengine. Microsoft, wenye Halo, wameweka kanuni za kutumia vitu vya magemu yao, ziko mtandaoni yeyote asome. Kwa maneno ya barazani: tengeneza ukipenda, ila usiuze, usijifanye ni yao, weka tangazo lao pale mwanzo kwamba hawahusiki. Na ukiongezea hadithi kwenye ulimwengu wao, uigawe bure na wao pia wana ruhusa ya kuitumia bila kukupa senti. Ukiona yauma usianze.

Na usijipanulie. Kuna jamaa Marekani walitaka kutengeneza filamu yao ya Star Trek, Axanar, wakachangisha zaidi ya dola milioni moja kwa mashabiki. Desemba 2015 wakashtakiwa. Mwaka uliofuata wenye Star Trek wakatoa masharti kwa mashabiki wote: stori moja dakika 15 tu, au sehemu mbili zisizopita 30 jumla, mchango usizidi dola 50,000, waigizaji wasilipwe, hakuna msimu wa pili. Kesi ikaisha Januari 2017 kwa makubaliano, na Axanar nao wakabaki na vipande viwili vya dakika 15. Hizo ni sheria za Star Trek sio za Halo, lakini zakuonyesha mwenye mali huanza kuamka wakati gani. Huamka akisikia pesa.

fundi_maiki

droni ya nini bro. ukirusha droni mjini wataka kibali, ukishuti mtaani wataka leseni ya filamu, ukiingia Fort Jesus wataka barua ya Makavazi, na bado hujavalisha hao wanajeshi sita, ile nguo ya ODST moja tu ya kuvutia ni miezi ya kukata fomu na kupiga rangi nyuma ya nyumba

fanya sauti. SAUTI. mbona hamuoni gemu lenyewe limewapa jibu, ndani ya ODST kuna rekodi 30 unaziokota mjini, ni stori ya msichana Sadie yuamtafuta babake siku ya uvamizi, na jina la babake ni Endesha jamani Dokta Endesha, nilicheka wiki nzima. ile stori nzima ni sauti na picha za kusimama, hakuna hata mtu anatembea, na watu wengi waikumbuka kuliko vita vyenyewe

na mfano wa pili, Red vs. Blue, vijana wa Texas walianza Aprili 2003, walikuwa wakicheza Halo kwenye Xbox wanarekodi halafu wanaweka sauti zao juu, wanajeshi wawili wamesimama kwenye bonde wanabishana mambo ya upuzi, kichwa kikitikisika ndo yuaongea. ikaenda mpaka 2024!! na wenye gemu hawakuwafukuza, Halo 2 ilipotoka wakaongeza namna ya kuteremsha bunduki ili wahusika wakiongea wasiwe wameelekezeana mitutu. walianza na mtutu na mdomo tu. hawakuomba ruhusa ya episodi 8 za dakika 45

nna maiki moja nzuri. ya pili iliingia maji

bi_zamzam

Mimi haya magemu siyajui, niliingia hapa kutafuta fundi wa friji nikajikuta nimesoma mpaka chini. Mwanangu wa Kuze nikuulize kitu.

Vita vimeingia mchana, watu wako kazini, watoto skuli, na Mombasa ni kisiwa. Kamanda wako na chombo chake chini ya Fort Jesus sawa, lakini watu wanatokaje? Hili ndilo mamako alilokuuliza na hukumjibu. Nyali daraja litajaa magari dakika ya kwanza. Makupa vilevile. Itabaki feri. Mimi nimevuka Likoni kwenda na kurudi miaka thelathini, najua watu wanavyoteremka ule mteremko jioni saa kumi na moja, mikokoteni, mama na beseni la samaki, vijana wa skuli, mtu kambeba mbuzi, na wote hawana vita yoyote, ni kwenda kupika tu. Siku ya vita itakuwaje? Nani anapanda, nani anaambiwa subiri ijayo, na ijayo haiji?

Na kule ndani hakuna anyamazaye. Ukipanda feri utasikia ndoa ya mtu imevunjika, utasikia bei ya nazi, utasikia mgonjwa wa nani kalazwa wapi, na ushafika. Kuvuka ni dakika kama kumi, kumi na tano ukihesabu kupanda na kushuka. Huyo wakili kasema dakika 15. Basi si ndo hiyo?

Fundi wa friji mzuri maeneo ya Mtongwe, tafadhali. Haigandishi chini, juu yagandisha.

mjuaji_wa_tudor

Ntakuwa mbaya kidogo. Kwa nini umfanyie kazi ya bure tajiri? Bi Zamzam amekupa stori nzuri, ifanye yako. Toa Covenant weka viumbe wako, toa New Mombasa weka Mombasa, badilisha mwaka, uza kwa yeyote. Ukishabandika jina la Halo umejifunga, huwezi kuuza, huwezi hata kupeleka kwenye shindano la maana. Waafrika tunapenda kuonekana kwenye vitu vya watu. Hata Uhura, yule mhusika wa Star Trek, tunajivunia kila siku jina limetoka kwenye "uhuru", haya, baada ya 1966 hiyo tumepata nini? Na Halo yenyewe ilifanyiwa kipindi cha TV kabisa, 2022, misimu miwili, ikafutwa 2024. Wenye pesa wameshindwa.

kijana_wa_kuze

@mjuaji nakuelewa na labda ya pili itakuwa yangu. Lakini hii sio kuonekana. Jina Kikowani ni letu, Kizingo ni letu, wamelichukua wakaweka kwenye mji usio na mtu. Nikibadilisha majina nitakuwa nimewaachia. Nataka mtoto anayecheza ODST huko aliko akitafuta New Mombasa mtandaoni akutane na watu wake waongea.

Halafu hiyo "toa weka" sio rahisi kama unavyosema, uzito wote wa stori ni kwamba msikilizaji ashajua mwisho. Anayejua gemu ajua ile meli kubwa ya Covenant itaruka ghafla kwenda mbali angani ikiwa bado juu ya mji, na mlipuko utaangusha lifti. Walio kwenye feri hawajui. Ukitoa Halo hapo umetoa saa ya ukutani.

@bi_zamzam nimesoma yako mara tatu. Kamanda nimemfukuza kazi.

ngomeni_boy

Niko Malindi huku lakini niruhusuni, nyinyi watu wa Mombasa mwapenda kusahau kuna pwani nyengine.

Hiyo lifti sio uchawi, ina sababu ya kuwa hapa. Kamba ya kwenda angani yataka ianzie kwenye ikweta au karibu yake, kwa sababu inashikiliwa na kitu kinachozunguka sawa sawa na dunia, kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, na Mombasa ni nyuzi 4 tu kusini. Ongeza bandari ya kina. Kwa hivyo waliolichagua Mombasa walifungua ramani wale.

Na sisi hili si geni. Waitaliano walikuwa na majukwaa yao baharini hapa Ngomeni, San Marco, walirusha setilaiti ya kwanza Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza kabisa duniani ya kuchunguza anga lote kwa eksirei, na kwa kuwa ilikuwa Jamhuri Dei ikapewa jina Uhuru. Haya @mjuaji, Uhura mmoja na Uhuru mmoja, wa pili ulitoka kwenye maji yetu kweli. Babu yangu alikuwa akipeleka samaki kwa wapishi wao, alikuwa akisema moshi ukionekana wavuvi wanageuza mashua.

Nnachotaka kusema, kwenye feri yako weka mtu wa bandari. Lifti ni bandari tu, imesimama wima. Wapakuzi wa Kilindini waliwahi kuufunga mji mzima kwa mgomo Januari 1947, hao wa 2552 watakuwa ni wale wale, wao ndo watajua mapema kuwa mnara unayumba kwa sababu mizigo itakuwa yachelewa.

mzee_wa_ndia_kuu

Vijana nimefuatilia. Nyongeza mbili na niende nikaswali.

Ya kwanza. Mwasema kuzingirwa kwa mji kama ni jambo la gemu. Ngome hii Wareno waliianza 1593, na Waomani wakaizingira Machi 1696 mpaka Desemba 1698, miezi thelathini na tatu, ndani walikuwemo Wareno na Waswahili pamoja wakila na kufa kwa maradhi. Mji huu waitwa Mvita. Mwandishi asidhani yuwabuni.

Ya pili, lugha. Nawaomba msiwafanye watu wa feri wazungumze kama watangazaji wa habari, wala kama watoto wa Nairobi. Mtu wa Mombasa akiogopa hasemi "ninaogopa sana". Atasema "hapa si pa kukaa". Na aliyeko kwenye usukani ni nahodha, na chini yake muwe na serahangi, neno hilo lapotea na ni zuri, litieni.

fundi_maiki

serahangi nalichukua hata kama haliko kwenye skripti

kijana leta kitu basi. ukurasa mmoja

kijana_wa_kuze

Nimekesha. Maelezo kidogo kwanza, kwa wasiojua: kwenye ODST mji una kompyuta yake yauendesha, yaitwa Superintendent, na yaongea kwa matangazo tu ya barabarani, yale yaliyorekodiwa, "angalia mbele", "endesha polepole". Hata ikitaka kukuokoa haina maneno mengine. Hapo ndo nimeshika. Yaanza wapo kwenye mteremko wa feri, magari yamekwama, upande wa mjini kuna ngurumo.

SPIKA YA FERI: Abiria wapendwa. Tafadhali tunza mzigo wako.

MAMA WA BESENI: Nautunza toka asubuhi, mwenye kununua hayuko.

MPAKUZI: Bi mkubwa, hiyo spika leo yasema sana. Toka saa nane yarudia rudia.

SPIKA YA FERI: Watembea kwa miguu hawalipi.

MWENYE GARI: Twajua! Fungua geti!

SPIKA YA FERI: Watembea kwa miguu hawalipi. Watembea kwa miguu hawalipi.

MPAKUZI: (polepole) Serahangi. Hebu isikize. Yatwambia tuache magari.

SERAHANGI: Mtambo huo. Umekwama.

SPIKA YA FERI: Asante kwa ushirikiano wako.

MAMA WA BESENI: Haujakwama. Teremka kwenye gari mwanangu, shika hili beseni upande huu.

Nimeishia hapo. Semeni.

wakili_wa_baraza

Hiyo hata mimi ningefungua barua pepe.

mjuaji_wa_tudor

Sawa. Ile ya hawalipi ni nzuri. Bado nasema ungeuza.

Lakini mwenye gari akubali haraka vile? Mtu wa Mombasa na gari lake la mkopo? Mpe ubishi wa dakika mbili, akumbuke bado miezi saba ya kulipa.

bi_zamzam

Na samaki. Wakishaacha magari, kuna mtu lazima amwambie aache beseni nafasi ni ndogo, na asiache. Sio kwa ukaidi. Ile ni mtaji, kesho yake hana kesho. Mimi hapo ndo ningelia.

fundi_maiki

jumamosi baada ya isha, kwangu, nyuma ya msikiti mkubwa wa mtaa wangu kijana ajua. sauti za feri nitaenda kurekodi mwenyewe alfajiri, ule mlango wa chuma ukigonga zege naujua toka utoto. kila mtu aje na mistari yake imechapishwa sio kwenye simu, simu yatia mlio. na tangazo la Microsoft tutalisoma mwanzo kwa sauti ya yule spika ha ha

nataka mtu wa kusoma mama wa beseni, asiwe msichana ajifanyaye mzee

kijana_wa_kuze

Nimemsomea mamangu jana jikoni, yote, na ubishi wa mwenye gari. Hakusema kitu, akazima jiko akauliza "huyo wa beseni yuatoka upande gani, Mtongwe ama Shelly? Kwa sababu hawaongei sawa." Nikamwambia sijaamua. Akasema Mtongwe, na kwamba yeye Jumamosi hana kazi.

bi_zamzam

Mtongwe. Nilijua. Mwambie ntampitia twende pamoja, na akiwa amjua fundi wa friji aje na nambari yake.